Septemba Hii KI95 Isikike: Hotuba Kuhusu Mashindano ya Redio za VHF

Kwa wale mliokosa kufika, wengine kazi, wengine mvua, wengine feri iliwashika Likoni, hii hapa hotuba nzima kama nilivyoitoa. Nimeacha tu zile picha za ukutani, maneno yanatosha. Na hiyo KI95 ni alama ya kiwanja chetu cha Mombasa kwenye ramani ya wanaredio, mbele nimeieleza.

Asalaam aleikum, habari za jioni wazee wangu, mama zangu, vijana. Ahsanteni kwa kuja. Najua Jumamosi jioni hapa Mombasa mtu ana mahali pengi pa kwenda, kuna baraza, kuna mpira, kuna viazi vya karai na upepo pale Mama Ngina, na nyinyi mmeacha yote hayo mkaja kusikiliza habari za redio. Mola awalipe kheri.

Nianze na swali. Humu ndani nani anatumia redio koli kazini? Nyanyueni mikono. Sawa, naona walinzi, naona watu wa boti, naona madereva wa safari. Swali la pili: nani kati yenu amewahi kuzungumza kwa redio na mtu aliye kilomita mia na zaidi, moja kwa moja, bila laini ya simu, bila bando, bila mnara wa mtu yeyote katikati? Mnaona mikono ilivoshuka? Basi hilo ndilo lililonileta. Jambo hilo linawezekana, linawezekana kwa wati tano, linawezekana kutoka hapa hapa Pwani, na kila mwaka kuna siku maalum ya kulifanya.

Siku hiyo ni wikendi ya kwanza ya Septemba. Wanaredio wa ridhaa, yaani watu wenye leseni wanaotumia redio kwa kujifunza na kwa mapenzi tu bila kulipwa, wana jumuiya yao ya dunia inaitwa IARU, ilianzishwa Paris mwaka 1925. Dunia imegawanywa kanda tatu na sisi Afrika tuko Kanda ya 1, pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Kanda yetu ina mashindano ya VHF, yaani masafa ya juu sana ya redio, kwenye bendi ya mita mbili, 144 mpaka 146 MHz, yanaanza Jumamosi saa 14:00 UTC, ile saa ya dunia nzima, kwa saa zetu ni saa kumi na moja jioni, yanakwenda usiku kucha mpaka Jumapili saa kumi na moja jioni. Masaa 24. Unaita, unajibiwa, unaandika, unaita tena.

Pointi zake zinahesabiwaje? Hapa ndipo palinipendeza mimi tangu mwanzo. Kilomita moja, pointi moja. Basi. Ukiongea na jirani yako wa Tudor ukiwa Nyali umepata pointi mbili tatu, ukiongea na mtu wa Taita umepata mia na hamsini. Hakuna anayekuuliza redio yako ni ya bei gani wala una shahada ngapi, unaulizwa sauti yako ilifika wapi.

Na ili kilomita zihesabike lazima kila mtu aseme yuko wapi, ndio ikatengenezwa gridi. Dunia nzima imekatwa viwanja viwanja na kila kiwanja kina herufi na namba. Mombasa mjini, Likoni, Diani, Kwale, mpaka Vanga, tuko KI95. Ukitoka hapa ukafika Mtwapa umeshaingia KI96, kwa sababu mstari wa digrii 4 kusini unapita katikati ya hapa na kule. Malindi ni LI06. Lamu LI07. Nairobi KI88. Tanga na Pemba KI94, Unguja na Dar KI93. Kiwanja kimoja kwetu huku ni kama kilomita 220 kwa 110, baadaye unaongeza herufi mbili za kukisogeza karibu zaidi, kwa mfano Kwale mjini ni KI95rt.

Sasa hebu tazameni ramani ya gridi vichwani mwenu. Ulaya siku ile ya Septemba viwanja vinajazana, milima imejaa watu na mahema na antena. Halafu shukeni chini mpaka ikweta, shukeni kidogo tena, Pwani ya Waswahili kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Kimya. Kwani hatuna milima? Hatuna watu? Hatuna midomo? Watu wa pwani hii wameongea na dunia nzima tangu enzi za majahazi, wakaongea na Muscat, wakaongea na Surat, leo tunashindwa kuongea na Taita? Mimi silikubali hilo, na nitasema mpaka mchoke: KI95 isikike.

Jambo la kwanza nataka mshike ni kimo. Wengi mkisikia redio mnafikiria nguvu, wati, wati, wati. VHF haiendi hivo. Mawimbi ya VHF yanakwenda karibu moja kwa moja kama macho yaonavyo, yakifika upeo dunia inajikunja yenyewe yanapotea juu. Kuna hesabu nyepesi, chukua mzizi, yaani kipeuo cha pili, cha kimo chako kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita za upeo wako wa redio. Ukiwa juu ya paa la nyumba ya Mji wa Kale, tuseme mita 15 toka usawa wa bahari, unapata kilomita 16. Ukiwa Kwale mjini, pale kuna karibu mita 400, mzizi wake 20, unapata 82. Redio ile ile. Betri ile ile. Umepanda matatu tu ya Kwale ukazidisha upeo wako mara tano!

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka cha VHF sharti apande.

Nawapa kisa. Kikundi chetu kilipopanda Kwale tulikuwa na mwenzetu mmoja mzee, fundi wa redio tangu zile za mbao zenye macho ya kijani, mtu wa Kibokoni, na tulikuwa tumemtanguliza kijana mmoja mpaka Taita, apande Vuria, mlima mrefu kuliko yote kule, mita 2,208. Mchana mzima tulikuwa tunafunga mlingoti kwa kamba, upepo wa kusi unapiga, mzee amekaa kwenye kigoda na redio mapajani anazungusha kitufe taratibu. Jua linazama, adhana ya magharibi inatoka msikiti wa chini, akatuinulia mkono tunyamaze. Kwenye ule mkwaruzo wa spika, ndani kabisa, ikatoka sauti ya yule kijana anaita, anarudia kiwanja chake, KI96, KI96. Kilomita mia na hamsini hivi na anasikika kama yuko Matuga. Mzee hakusema kitu. Alichukua kalamu akaandika saa, akaandika namba, halafu akanipa maiki akasema, "Mjibu mwana, asingoje."

Piga hesabu yake basi. Kwale kilomita 82, Vuria mzizi wa 2,208 ni 47, mara 4.12 ni 193. Jumla 275. Wale wawili wanaonana kabisa kwa redio na nafasi inabaki. Hakuna muujiza pale, ni mlima na mlima. Na kesho yake asubuhi tukampata mwenzetu wa Tanga aliyepanda Usambara upande wa Amani, kilomita kama 140, KI94. Nchi mbili, leseni mbili, kila mtu amekaa kwake kihalali, na mpaka wa Lunga Lunga hakuna aliyeuvuka. Wakati huo huo jamaa yetu aliyebaki ufukweni Diani alikuwa haonani na paa la Mji wa Kale, kilomita thelathini tu, kwa sababu wote wako chini na dunia imejikunja katikati yao.

Kwa hivo ukiniuliza pesa yako ya kwanza uweke wapi, usinunue redio kubwa, lipa nauli ya kupanda mlima.

Ya pili itoe kwa antena. Na hapa nataka kina dada wanisikize vizuri kwa sababu kisa chake ni cha binti mmoja wa Kisauni, anashona nguo, mashine yake iko nje ya duka la shangazi yake. Alikuja kwenye mkutano wetu na kaka yake, kaka mtu akachoka akaenda zake, yeye akabaki akauliza, hii antena ya Yagi, hii ya vijiti inayoelekezwa upande mmoja, inatengenezwa na nini? Tukamwambia tepu meja. Akacheka, akadhani ni mzaha. Tepu meja kweli, ile ya chuma ya njano ya mafundi seremala!

Wiki ile ile akaja na yake. Alikata vipande, cha nyuma sentimita 105, cha mbele sentimita 89, cha katikati vipande viwili vya sentimita 45 kila kimoja, akavifunga kwenye paipu ya PVC kwa zile klipu za bomba la gesi, kutoka cha nyuma mpaka cha katikati sentimita 20, kutoka cha katikati mpaka cha mbele 32. Na mkasi wake wa kitambaa hakuutumia, alisema mkasi wa kazi haukati chuma, akaazima mkasi wa bati kwa fundi wa mabati. Halafu tazameni alivyokuwa makini: pale pa kuchoma lehemu alikwangua rangi ya njano kwa msasa mpaka chuma ikawa nyeupe inang'aa, akapaka lehemu kwanza kwenye chuma peke yake, ndio akaleta waya. Ncha za tepu akazikata mviringo na kuzifunga tepu ya umeme zisimkate mtu jicho. Ile ni kazi ya mtu aliyezoea kumaliza pindo.

Antena ile ina faida gani? Nguvu inayokwenda mbele ni kama mara tatu ya antena ya dipoli, ile ya kawaida ya vijiti viwili. Wati tano zako zinakwenda kama kumi na tano, na unaposikiliza unasikia zaidi vilevile, na ukiigeuza kando makelele ya mji yanapungua. Tena tepu inakunjika, unaingia nayo kwenye matatu bila makanga kukudai nauli ya mzigo.

Kuna mambo mawili ya antena watu wanapitia haraka na ndio yanayowamaliza. Moja ni kulala na kusimama. Ukitumia FM wenzako wengi antena zao zimesimama wima, ukitumia SSB, ile inayokwenda mbali zaidi kwa nguvu ndogo, antena zinalazwa. Wewe umesimamisha mwenzako amelaza, sauti inayofika inaweza kubaki sehemu moja kwa mia. Kwa mia! Watu wawili wanatafutana usiku mzima na shida ni mkono wa kuzungusha bomba. La pili ni kebo. Ile kebo nyembamba ya RG-58 mita 20 kwenye bendi yetu inakula zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika kwenye antena, na inakula nusu ya unachosikia pia. Iwe fupi, ama nunua nene. Na sisi watu wa bahari tuna adui wetu wa ziada, chumvi. Kiunganishi kikikaa nje miezi bila kufungwa tepu ya mpira kinaota kijani ndani, kwa nje kizima, kwa ndani marehemu. Kila mwaka kabla ya Septemba fungua, safisha, funga upya.

Vijana mmechoka? Bado? Haya.

Jambo la tatu ni sikio. Kwenye mashindano mnabadilishana vitu vichache mno. Unampa ripoti ya anavyosikika, kwa mfano 59, unampa namba ya mawasiliano yako kuanzia 001, na unampa gridi yako kamili, herufi na namba zote sita. Naye anakupa zake. Mkithibitishana mmemaliza, dakika haifiki. Sasa hiyo inaonekana rahisi, sindio? Jaribu kuifanya saa tisa usiku, upepo unapiga kwenye maiki, sauti inakuja inazama inakuja, na mtu anakwambia "sita" wewe unasikia "tisa". Kiswahili chetu kitamu lakini sita na tisa kwenye makelele ni mapacha. Mwenzetu mmoja wa kuandika logi, lile daftari la mawasiliano, alisikia KI96 akaandika KI99, kiwanja cha kule juu Garissa. Waamuzi wanalinganisha logi yako na ya mwenzako, zisipooana mawasiliano yale yanafutwa, kilomita zote zinakwenda na maji. Ndio maana mkizungumza Kiswahili hewani namba muhimu semeni mara mbili, na mkiwa na wasiwasi hesabuni kabisa, "moja mbili tatu nne tano sita, sita." Inachukua sekunde nne. Na herufi tumieni zile za kimataifa, Kilo, India, wote duniani wanazijua.

Na tafadhali, nawaomba sana, sikilizeni kabla ya kubonyeza. Mtu anabonyeza tu, anaita anaita anaita, na kumbe kuna mtu dhaifu kutoka mbali alikuwa anamjibu chini ya sauti yake. Wale waliopata kilomita nyingi kwenye kikundi chetu ni wale wenye subira ya kusikiliza, wanaita kidogo, wananyamaza, wanageuza antena digrii chache, wananyamaza tena. Mzee wangu wa Kibokoni anaweza kukaa kimya nusu saa na akatoka na stesheni ambayo sisi sote tulisema haipo.

Sheria nyingine nazipitia haraka: ripita, ule mtambo unaopokea sauti yako na kuirusha tena, hairuhusiwi kwenye mashindano, lazima sauti yako ifike yenyewe. Usikae juu ya 144.300 wala 145.500 mchana kutwa, zile ni za kuitana, itana halafu sogea pembeni. Na watu wa boti nawaambia kwa herufi kubwa, redio yenu ya baharini ni VHF pia lakini ni nyumba nyingine, chaneli 16 iko 156.8 MHz na ni ya dharura na kuitana baharini, roho za watu ziko pale, tusiiguse kwa michezo hata siku moja. Na bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano usibonyeze kabisa, kule 144 wala kwengine. Ukishapata leseni unapewa ishara yako ya mwito, ya Kenya inaanza na 5Z4, ya jirani zetu Tanzania 5H, na ile ishara ni jina lako hewani, ilinde kama unavyolinda jina la babako.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo linanikosesha usingizi kwa furaha. Bahari.

Nimewaambia VHF inakwenda kama macho. Ni kweli siku nyingi. Lakini kuna siku hewa inageuka. Kawaida ukipanda juu hewa inapoa, lakini kuna wakati tabaka la hewa ya moto na kavu linalala juu ya hewa ya baridi na unyevu iliyo karibu na maji, na pale mawimbi ya redio yakipanda yanapindwa yanarudishwa chini, yanapanda tena yanarudishwa, yanasafiri ndani ya ule mfereji juu ya bahari mamia ya kilomita, mara nyingine maelfu. Mwaka 1957 mwezi wa Julai wanaredio wawili wa ridhaa, John Chambers wa California na Ralph Thomas wa Hawaii, walisikilizana kwenye 144 MHz juu ya Bahari ya Pasifiki. Zaidi ya kilomita 4,000! Wataalamu wa vitabu walikuwa hawatarajii kitu kama kile kwenye masafa yale. Haikutokea bahati tu, walipanga, wakasikiliza miezi na miezi, tarehe na saa, siku nyingi hawakuambulia kitu.

Mtasema hiyo ni Pasifiki, huko ni kwao. Haya, njooni kwenye bahari yetu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia rada iliyokuwa Bombay, inafanya kazi kwenye masafa yasiyo mbali sana na yetu, ilikuwa inaona mwangwi wa pwani ya Arabuni ng'ambo ya bahari, zaidi ya kilomita 1,500. Bahari hii hii ya Hindi. Maji yale yale yanayopiga ukuta wa Fort Jesus. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi yakarudi na kusi, na hewa ile ile iliyosukuma tanga ndiyo inayojenga na kubomoa ile mifereji ya redio.

Nani amekaa pwani hii na antena imeelekezwa baharini, akasikiliza alfajiri, akaandika? Nani ameweka daftari la kaskazi na daftari la kusi? Hiyo kazi hatumngoji profesa wa ng'ambo aje kutufanyia. Nyinyi wavuvi mnaujua upepo kabla haujafika. Nyinyi mnaona zile asubuhi ambazo kisiwa cha mbali kinaonekana kama kimenyanyuliwa juu ya maji, kinaelea. Mnaijua ile hali? Ile ni hewa imepinda mwanga, na hewa inayopinda mwanga hivo ni hewa ya kuwasha redio mara moja. Mkiiona, piga simu kikundini, amsheni watu! Mimi nataka siku moja logi ya KI95 iwe na stesheni ya Shelisheli ndani yake, na iwe imeandikwa na mtu wa hapa.

Na mashindano yanasaidia nini katika hili? Yanasaidia kwa sababu kwa masaa 24 watu wako hewani kwa pamoja. Mfereji ukifunguka usiku wa manane na hakuna mtu upande wa pili, umefunguka bure.

Kuna mama mmoja mkubwa aliniuliza wiki iliyopita, mwanangu hii michezo ya redio inamlisha nani? Swali la haki kabisa, namjibu hapa mbele yenu.

Desemba 2004 kikundi cha wanaredio wa ridhaa wa India, kikiongozwa na mwanamke, Bharathi Prasad, ishara yake VU2RBI, kilikwenda Port Blair kwenye visiwa vya Andaman. Walikwenda kwa raha yao ya redio, visiwa vile vilikuwa havijasikika hewani kwa wanaredio wa ridhaa kwa miaka mingi na dunia nzima ilikuwa inawatafuta. Antena ziko juu, betri ziko tayari. Tarehe 26 asubuhi ardhi ikatetemeka, bahari ikaja. Simu zikakatika, umeme ukakatika, na zile redio zilizopelekwa kwa raha zikawa ndio njia ya kupeleka habari India bara, fulani yuko hai, fulani anatafutwa, huku panahitajika dawa. Watu wale walikuwa tayari kwa sababu walikuwa wako mazoezini.

Mawimbi ya siku ile yalivuka bahari yakafika kwetu pia, mnakumbuka watu walivoondolewa ufukweni, na Kenya ikapoteza mtu. Na wazee mnaikumbuka El Niño ya 1997, barabara ya Nairobi ilivyokatika tukabaki kama kisiwa kwelikweli. Siku kama ile ikija usiku, nani ataongea na Kwale? Nani ataongea na Voi? Ni yule ambaye alishawahi kupanda Kwale Septemba akaita Taita, anajua asimame jiwe gani, aelekeze antena wapi, betri yake inadumu masaa mangapi, na anajua kuandika namba usiku bila kukosea. Hayo huwezi kujifunza siku ya mafuriko, mama. Ndio jibu langu, na ndio maana niko tayari kulisema kila mahali nitakapopewa maiki.

Sasa ya kufanya. Wenye leseni tunagawana vituo, kituo cha Kwale kitakuwa na watu wa zamu usiku kucha, naomba angalau timu moja iende upande wa Taita na nyingine tukubaliane na ndugu zetu wa Malindi tupate LI06. Wa Tanga wameshasema watapanda tena. Kila timu iwe na redio ya akiba, betri ya gari moja, tochi, daftari la karatasi hata kama mna laptop, na saa iliyowekwa UTC ili logi zisichanganyike, toa masaa matatu kwenye saa yako ya kizungu. Logi zikusanywe Jumapili ile ile usiku tukiwa bado tunakumbuka, zisafishwe, zipelekwe. Msiseme logi yangu ndogo naona haya. Ipelekeni. Logi ya mawasiliano manne kutoka KI95 inawapa wale wanne uhakika wa kilomita zao.

Wasio na leseni, na naona ndio wengi humu, mmeniuliza mtafanya nini. Kusikiliza. Antena ya tepu mnaweza kujenga, tunajenga pamoja hapa hapa Jumamosi ijayo baada ya alasiri, njooni na tepu meja kuukuu, paipu ya PVC ya nusu inchi, na klipu, lehemu tutakuwa nayo. Redio za kusikilizia tutaazimana. Mtakaa na wenye leseni mwandike logi, mgeuze antena, mjifunze sauti za usiku, na wanaotaka mtihani wa leseni waandike majina kwa yule binti wa Kisauni aliye pale mlangoni, yeye ndiye anayepanga madarasa, na antena yake iko pale mezani mnaweza kuishika.

Maswali?